Aliye Chini

Mnaniuliza habari za Mbayuwayu,
eti ndiye wa kwanza hapa Torreón kuruka nje ya ulingo.
Ni kweli. Ila hakuna aliyewahi kuuliza
aliangukia nini.

Aliniangukia mimi.
Refugio Zamarripa, kilo mia moja na tano,
nguo nyeusi, ndevu za kupaka masizi,
mtu wa kuzomewa, niliyelipwa nusu ya ujira wake
na maganda ya machungwa juu.

Mchana alikuwa Eleuterio Olague, mwoka mikate
wa mtaa wa nyuma ya stesheni,
unga hadi kwenye nyusi.
Usiku alifunga barakoa ya buluu aliyoshonewa na dada yake
kwa kitambaa cha mwavuli uliokufa.
Mfupi. Mwepesi. Mbishi kama nzi.

Tulianzia ghalani, msimu wa pamba,
marobota yamepangwa, yeye juu ya boriti,
mimi chini natemea viganja mate.
"Nikiruka utanidaka?"
"Sijui."
"Basi naruka."
Mara ya kwanza alinivunja pua.
Mara ya nne nikajua: arukaye hadakwi kwa mikono,
hudakwa kwa kifua,
kwa pumzi unayoitoa kabla hajafika,
kwa kukubali kuanguka naye.

Ile Jumapili ya mwaka wa ukame,
mbao za ulingo zikilia juu ya springi za lori kuukuu,
alisimama juu ya kamba ya tatu.
Watu wakadhani anaomba.
Kisha hakuwa kwenye kamba, wala hakuwa chini,
na wauza karanga wakaacha kuita bei.
Niliona nyayo za viatu vyake, kimoja kina tundu.
Nikatoa pumzi.

Kesho yake gazeti lilimtoa akiwa hewani.
Nami nimo: kiwiko, pembeni kulia.

Aliye juu mngoje chini, husema watu,
na wakisema hukunja ngumi.
Hao hawajawahi kungoja.

Miaka ikanila magoti.
Watoto wote wakawa wanaruka,
hata mwana wa mchinja nguruwe alipinduka mara mbili angani;
mruko ukawa kama salamu, ukitolewa hauitikiwi.
Nikaenda kwa shemeji, nikaazima waya wa miba
wa zizi la mbuzi, manyoya yakiwa bado yamenasa.
Niliuzungushia ulingo mwenyewe, koleo mkononi, nikipiga mluzi.
Chini ya plasta ya kifundo, kipande cha wembe
kidogo kuliko kucha ya kichanga.
Paji la uso si bahili wa damu.
Nikaitwa mnyama. Baadaye nikaitwa mwanzilishi,
vijana wa Tijuana waliponijia na mifuko ya misumari
wakitaka baraka.
Niliwapa anwani ya daktari asiyeuliza maswali.

Usiku ule wa waya Eleuterio alikuja chumbani,
akanichomoa miba mmoja mmoja
kwa kibano cha kugeuzia maandazi,
mikono inanuka hamira.
"Mpumbavu wewe. Na chini yako alikuwa nani?"
"Hakuna."
Hakusema tena mpaka mwiba wa mwisho.

Alianguka bafuni, mwezi wa pili,
ana miaka sabini na tisa.
Kimo cha ndoo. Si zaidi.

Wachimba kaburi walikuja na kamba mbili.
Zilikuwa tatu, niliwaambia; hawakunielewa.
Nikavua koti, nikateremka shimoni
kwa magoti haya haya,
binti yangu akipiga kelele, padri kitabu kimemfunga mdomo,
nikasimama kwenye udongo mbichi,
nikatanua kifua.

"Leteni," nikasema.
Na nikatoa pumzi.